Hita Iliyopona Kila Tulipomkuta Fundi

Walimu wenzangu, na wewe mtunza stoo uliyetangaza ofisini kwamba mtu anayekwenda Kitanga kwa siku mbili lazima alikuwa analisukuma gari, naandika haya mara moja ili nisisimulie upya kila anapoingia mtu kuazima chaki. Gari sikulisukuma. Ningelisukuma huenda ningewahi.

Kibondo: ahadi kwa nesi

Mnajua mke wangu Leokadia alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikaa hospitali wiki tatu, na kila siku mama mkwe wangu alipiga simu kutoka Kitanga kuuliza swali moja tu: "Mtatuletea lini?" Goti lake ni bovu, hawezi kupanda basi. Leokadia naye alikuwa na mshono tumboni na hamu ya kulala kwa mama yake, akila uji ambao haukupikwa na mwalimu wa fizikia. Kwa hiyo mtoto alipofikisha uzito ambao manesi walikuwa wakiungoja, tukaomba ruhusa ya kusafiri.

Nesi aliyekuwa akimhudumia hakutoa ruhusa kirahisi. Alinikalisha kitini kama mwanafunzi.

"Mwalimu, huyu mtoto bado hajui kujitengenezea joto. Mama yake atambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, njia nzima. Mkiwa njiani mguse nyayo kila mara. Zikipoa, simameni mumpashe moto. Zikiendelea kupoa, ingieni kituo cha afya kilicho karibu. Na gari liwe na joto. Hilo gari lako lina hita?"

"Lina hita, sista," nikajibu.

Nilijibu kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kuiwasha. Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu hita iko angani na haizimwi. Nilichojua ni kwamba kwenye dashibodi kuna kitufe chenye rangi nyekundu, na mtu akikizungusha huko kitu fulani kitatokea.

Asubuhi ya safari ilinyesha manyunyu, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya paa za mji. Nilikizungusha kitufe kwenye nyekundu. Ikatoka hewa kama ya mtu aliyekunywa maji ya mtungi kisha akakupulizia shingoni. Leokadia, aliyekuwa kiti cha nyuma na mtoto ndani ya blauzi na kitenge juu yake, aliniangalia kwenye kioo.

"Baba mtoto, hiyo ndiyo hita?"

"Inaanza," nikasema.

Haikuanza. Tulienda kwa fundi Zabroni, ambaye wote mnamjua, na ambaye amelitibu gari langu tangu nilinunue likiwa tayari limezeeka. Zabroni hakufungua boneti. Alisimama mbali kidogo, akalitazama, akasema, "Gesi imeisha."

Sasa, mimi hufundisha kidato cha tatu uhamishaji wa joto. Ninajua, na wanafunzi wangu wanajua, kwamba hita ya gari haitumii gesi. Inachota joto kutoka kwenye maji ya injini. Gesi ni ya kupoza. Lakini mbele ya fundi aliyefunga mikono kifuani elimu yangu ilirudi ndani kama kichwa cha kobe. Nikaitikia, "Eti eh? Gesi?"

Gesi yenyewe hakuwa nayo. Badala yake aliliacha gari likiunguruma palepale, akaingia chini, akagonga kitu, akatoka, akaenda kunywa chai, akarudi, akagonga tena. Zilipita kama dakika arobaini. Nikaweka mkono mbele ya tundu la hita: joto! Joto la kweli, la kufukuza ukungu kiooni.

"Nilijua tu," akasema Zabroni, ambaye dakika arobaini nyuma alijua gesi.

Tukiwa hapo akafika Bwana Shomari, mfanyabiashara wa Kasulu, mzaliwa wa Kasulu, mtoto wa Kasulu, ila lafudhi yake ni ya Pangani kwa sababu babu yake alitoka huko na yeye hajakubali kwamba walihama. Basi lake lilikuwa limemwacha. Aliomba lifti, yeye na robota lake moja lililofungwa kwa kamba na nailoni.

"Mna nini humo, Bwana Shomari?"

"Mablanketi, mwalimu. Ya mteja. Yameshanunuliwa hata kabla sijayafikisha."

Robota likakaa kiti cha mbele naye akakaa juu yake, kichwa kikigusa paa, kama mfalme aliyepewa enzi ndogo. Tukaondoka.

Kibondo hadi Mvugwe: lami nzuri, baridi mbaya

Mnaisifu lami mpya. Mimi pia niliisifu mpaka siku hiyo. Gari lilipochanganya mwendo, joto likaanza kuondoka kidogo kidogo, kama mgeni asiyeaga. Nilidhani ni mawazo yangu. Kisha kioo cha mbele kikafunga ukungu, Bwana Shomari akawa anakifuta kwa gazeti huku akinisimulia kwamba Pangani hakuna mtu anayefuta kioo.

"Hita ni anasa, mwalimu. Wazungu wanaitaka kwa sababu kwao barafu inashuka. Afrika hita ya nini?"

"Ya mtoto wangu," akasema Leokadia kutoka nyuma.

Bwana Shomari akaendelea kufuta kioo kwa bidii zaidi.

Tulifika mahali wanapotengeneza barabara. Dada mmoja mwenye koti la kung'aa alikuwa ameshika kibao, upande mmoja kimeandikwa SIMAMA, upande wa pili NENDA. Kwetu alitupa SIMAMA. Magari ya upande wa pili yalipita, yakaisha, na bado tukasimama. Nilishuka kumuuliza tunangoja nini.

"Nangoja mwenzangu wa kule ageuze cha kwake."

"Na yeye anangoja nini?"

"Ananingoja mimi."

Wakati wanangojeana, niliporudi garini nilikuta joto limerudi! Leokadia alikuwa amefunga macho kwa raha. Nikamwambia Bwana Shomari kwamba kazi ya Zabroni inahitaji muda kukolea, kama mchuzi. Kibao kikageuka, tukaenda, na baada ya kilomita chache tundu la hita likawa linapumua upepo wa mlimani.

Mtu mwenye akili angeona jambo. Gari likisimama, joto, likienda, baridi. Mimi nina shahada. Sikuona.

"Nyayo," akasema Leokadia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyayo zake zimepoa."

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Nikapenyeza mkono nyuma, chini ya kitenge, nikashika vile vinyayo ambavyo vyote viwili vinaingia kwenye kiganja changu na nafasi inabaki. Vilikuwa baridi kama vijiko. Leokadia alianza kumsugua mgongo, akimwimbia kwa Kiha, wimbo wenye maneno machache yanayorudiwa.

Bwana Shomari alishuka, akalivuta robota lake hadi kwenye majani yenye unyevu, akatoa kisu kidogo cha kumenyea machungwa, akakata kamba za mteja. Alichomoa blanketi mbili nene, za rangi ya machungwa na maua makubwa ya kijani, akamfunika Leokadia na mtoto mpaka wakaonekana macho tu.

"Na mteja wako?" nikamuuliza.

"Mteja wangu ana miguu mikubwa," akasema. "Itangoja."

Baada ya robo saa nyayo zilipata joto. Tuliendelea polepole.

Mvugwe: feni, dagaa na jiko la mkaa

Mvugwe niliulizia fundi, nikaonyeshwa watu wanne, kwa sababu kila mwanaume aliyekuwa karibu na barabara ile aliwahi kufungua gari mara moja maishani mwake. Yule tuliyemchagua alikuwa na ovaroli, na hiyo ilitosha.

"Washa," akasema. Nikawasha. Akaweka sikio kwenye dashibodi kama daktari. "Feni. Inazunguka kinyume."

Sikuwahi kusikia feni ya gari ikizunguka kinyume, lakini nilikuwa nimeshakubali gesi, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kusimamia. Alitoa vumbi, majani makavu na kalamu ya mtihani iliyopotea tangu muhula wa kwanza. Injini ilikuwa ikiunguruma muda wote huo, na mnaweza kukisia kilichotokea. Joto likaja. Fundi akapangusa mikono kama mpasuaji.

Tulikuwa na njaa, tukaingia kwa mama lishe aliyekuwa jirani hapo. Alitupa ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa nyanya, na Bwana Shomari akala huku akilaumu kwamba hauna nazi, akaongezewa mara mbili, akalaumu tena. Leokadia alikunywa chai ya tangawizi bila kumtoa mtoto kifuani.

"Mama," nikamwambia mama lishe, "unaweza kutusaidia moto kidogo wa kwenda nao? Mtoto anaona baridi." Nilikuwa na maana ya maji ya moto kwenye chupa.

"Moto upo, baba," akajibu kwa moyo mkunjufu, na kabla sijamaliza kunawa alikuwa amelipeleka jiko la mkaa kwenye gari na kuliweka sakafuni kiti cha nyuma, makaa mekundu yakiwaka. Bwana Shomari akasifu: hii ndiyo hita ya Kiafrika. Nilikimbia nikalitoa kwa mikono miwili nikaunguza kidole. Hapo ndipo ualimu wangu uliponirudia. Nikaeleza kwa sauti ya mbele ya darasa jinsi makaa ndani ya gari lililofungwa vioo yanavyotoa hewa isiyo na harufu inayoweza kuwalaza watu wote moja kwa moja. Mama lishe alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, mwalimu," akauliza, "kama unajua yote hayo, kwa nini gari lako lina baridi?"

Alitupa chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwenye matambara. Tukaondoka. Baada ya dakika kumi hita ikapoa.

Makere: neno moja, maana mbili

Kabla ya Makere nilisimama mara tatu kubadilisha chupa, kugusa nyayo na kufuta kioo. Mara ya tatu ilikuwa mbele ya banda la mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate midogo kwenye beseni, karibu na njia ya kuingilia kambi ya Nyarugusu. Mama mnene kidogo, kitambaa kichwani, macho ya mtu aliyeona mengi na kuchoka kushangaa. Jina lake Mama Esperansi. Ametoka Kongo miaka mingi na anaishi kambini.

"Jambo papa," akasema. "Mutoto iko mudogo sana. Iko nini na gari?"

Nilimweleza. Gesi, feni, yote. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza tangu Kibondo.

"Gari ikisimama, moto inakuya? Ikitembea, moto inaenda?"

Nikajibu: "Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Na ile sindano ya moto, pale mbele yako, inapandaka?"

Sindano ilikuwa mshale wa joto kwenye dashibodi. Nikamjibu kwa fahari kwamba mshale wangu siku hizi haupandi hata kidogo. Gari langu halichemki, mshale uko chini kabisa kila wakati.

Mama Esperansi alinitazama kwa huruma. "Bwana yangu alikuwa shofere wa kamyo, Butembo mupaka Goma. Kule iko baridi ya kuua. Miye nilikaa pembeni yake miaka kumi na moja, ile sindano njo nilikuwa naangaliaka. Fungula."

Nilifungua boneti. Alishika mpira mmoja wa maji, akashika wa pili, akatikisa kichwa.

"Temostati walitosha."

"Zilitosha?" nikauliza. "Kwa hiyo hakuna tatizo hapo?"

"Walitosha, papa."

"Nimeelewa, zinatosha. Sasa shida ni nini?"

"Ee Mungu. Walitosha! Wa-li-to-sha!"

Bwana Shomari akaingilia kwa Kiswahili chake cha Pangani kumweleza kwamba kitu kikitosha hakuna haja ya kukirudia. Mama Esperansi akatufunga midomo kwa mkono. Akachukua mkate mmoja kwenye beseni, akauweka juu ya paja lake.

"Mukate ulikuwa mu beseni. Nimeutosha. Sasa iko mu beseni?"

"Haumo," nikasema.

"Njo vile."

Kwao kutosha ni kutoa. Thamostati ilikuwa imetolewa. Nilikaa kwenye kiti chake cha mbao bila kukaribishwa, kwa sababu nilikumbuka. Miaka miwili nyuma gari lilichemka nikitoka kusimamia mitihani, na Zabroni alinionyesha kipande kidogo cha shaba kwenye kiganja chake. "Hiki kinazuia maji yasipite mpaka injini ipate joto," aliniambia. "Afrika joto lipo tayari. Nikitoe?" Na mimi, mwalimu wa fizikia, nilisema kitoe, nikamshukuru, na nikawaambia nyinyi ofisini kwamba yule ni fundi anayefikiri.

Bila kipande kile maji yalikuwa yanapita kwenye rejeta, kule mbele yanakopozwa, muda wote. Gari likikimbia, upepo wa Kasulu unayapoza yote kabla hayajapata kuwa moto. Likisimama, upepo hakuna, injini inajipasha, hita inafanya kazi. Mafundi wangu wawili walikuwa wamefanyiwa kazi na kule kusimama tu.

Mama Esperansi alikuwa na dawa. Aliimwaga mikate yake kwenye kitambaa, akachana katoni iliyokuwa chini yake, na kuifunga kwa kamba mbele ya rejeta ili kukinga upepo.

"Uangalie sindano. Ikipanda sana, utoshe kartoni. Umesikia? Utoshe."

"Nitatosha, mama," nikasema.

Tulipoondoka aliingiza mkono dirishani akamgusa mtoto utosini kwa kidole kimoja, akasema neno la Kifaransa ambalo hakuna kati yetu aliyelijua na hakuna aliyeuliza. Kilomita tano mbele mshale ulisogea kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Kumi mbele, Bwana Shomari akavua kofia. Leokadia alitupa blanketi moja mbele. Vioo vilikuwa safi. Mtoto akapiga chafya, akanyonya, akalala.

Kasulu: kopo la vilivyotolewa

Tuliingia Kasulu alasiri, mvua ikinyesha, na Bwana Shomari akakataa kabisa tuendelee. Mke wake, Bi Zuwena, alitupokea kana kwamba alikuwa ametungoja wiki nzima. Alitazama blanketi za maua ya kijani, akamtazama mumewe, akasema, "Za yule mteja?" Bwana Shomari akakohoa. Jambo hilo likaishia hapo, angalau mbele yetu. Tulikula wali wa nazi, kwa hiyo hatimaye alinyamaza kuhusu Pangani.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa jirani, mzee aitwaye Gwasa, kutafuta thamostati.

"Hatuuzi," akasema. "Huku watu wanazitoa, hawaziweki. Lakini subiri."

Akaleta kopo la rangi. Lilikuwa limejaa thamostati. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa mle ndani. Magari ya wilaya nzima yanatembea bila vipande vile. Nikamuuliza anavitunzia nini.

"Kuzuia karatasi zisipeperuke."

Tulikaa kwenye magogo tukichagua kinacholingana. Hapo nilipata heshima yangu kidogo. Nilivipeleka vitatu kwa Bi Zuwena, nikamwomba sufuria ya maji, nikaiweka jikoni, nikavitumbukiza kimoja kimoja. Kilicho kizima hakifanyi kitu maji yakiwa ya vuguvugu; yakikaribia kuchemka, hujifungua taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Cha kwanza hakikufunguka, cha pili kilifunguka na kukataa kujifunga, cha tatu kilitii. Bi Zuwena, aliyekuwa ameinama juu ya sufuria, akasema kama wangemfundisha hivi shuleni asingetoroka. Ndiyo sifa kubwa niliyopata safari nzima, nami naiandika hapa ili mkuu wa shule aione.

Mzee Gwasa akakifunga. Hita ikawaka gari likisimama na likaendelea kuwaka likitembea. Nilizunguka mji mara mbili kuhakikisha, nikipunga mkono kwa watu nisiowajua.

Tukiwa tunaondoka Leokadia aliuliza, "Ile katoni mbele?"

"Iache," nikasema. "Joto haliozi."

Kitanga: mlima wa mwisho

Barabara ya Kitanga ni ya udongo, na imeambatana na vilima kama mtu asiyetaka kukosana na yeyote. Ndani ya gari tulikuwa kama ndani ya tanuri la mikate. Nilifurahia mshale. Ulifika katikati, nikamwonyesha Leokadia. Ukapita katikati, nikasema tazama linavyojitahidi. Ulipogusa alama nyekundu tulikuwa kwenye mwinuko mkali wa mwisho tukiupanda, na mvuke ukatoka chini ya boneti kwa sauti ya chungu cha maharage.

Thamostati mpya, mlima mkali na katoni iliyokinga upepo wote. Nilikuwa nimeambiwa nitoshe. Sikutosha.

Nilichana katoni kwa hasira, lakini injini ilikuwa imeshachemka, rejeta imetema maji yake njiani, na chupa zetu zote mbili nilizimwagia humo zikapotea kama salamu kwa kiziwi. Nilipolijaribu tena, gurudumu la nyuma likateleza ndani ya mfereji. Injini ikazima. Manyunyu yalikuwa yameanza, na upepo wa upande wa Burundi ulikuwa unakuja moja kwa moja kwetu. Nyumba ya wakwe ilikuwa juu ya kilima, naiona kabisa, bati lake linang'aa. Mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima wa afya.

Tulikaa kidogo tukitumaini gari jingine. Gari likapoa kwa haraka ambayo sikuitegemea. Kisha nikaona Leokadia anatetemeka. Alikuwa ametokwa na jasho kwenye lile joto langu la tanuri, na sasa nguo zilikuwa zimelowa mgongoni na kifuani.

"Nimeanza kumpoza," akasema. "Danstan, mimi ndiye ninayempoza." Huniita Danstan tu mambo yanapokuwa makubwa. "Vua shati."

"Hapa? Kwenu ni pale. Mama anaona."

"Vua shati."

Nilivua koti, nikafungua shati hadi chini. Alimtoa mtoto kifuani kwake na kumweka kwangu, kichwa kimegeukia upande, miguu imekunjwa kama ya chura, akanifunga naye kwa kitenge kikavu, kisha blanketi la Bwana Shomari juu. Wiki tatu nilikuwa nimemshika kwa vidole tu, kama mtihani uliosahihishwa. Sikuwa nimewahi kuhisi uzito wake wote. Haukuwa uzito. Nyayo zake zilikuwa baridi tena, na ziligusa tumbo langu.

Tulipanda. Leokadia alinishikia mwavuli kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa kwenye mshono. Kila hatua kumi tulisimama. Mimi sikuwa namfikiria fundi yeyote. Nilikuwa nasikiliza ngozi yangu, kama anasogea, kama anapumua. Mahali fulani katikati ya mlima nyayo zile ziliacha kuwa baridi, sijui ni wapi hasa. Nilishtuka tu kwamba sizihisi tena kama kitu kigeni.

Mama mkwe alituona kutoka mbali na akatoka uani akichechemea. Sasa, wale ambao hamjaoa huku mwelewe: mimi na mama mkwe hatushikani mikono. Huwa tunasalimiana kila mmoja akitazama mti wake. Miaka minne ya ndoa hajawahi kuniona nikila. Na siku hiyo nilimwingilia uani kifua wazi, tumbo nje, tope hadi magotini, nimevaa blanketi la maua.

Aligeuka mara moja akautazama mgomba wake. Nikasimama. Yeye akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwangu, hatua kwa hatua, mkono ameunyoosha nyuma, ukipapasa hewani. Leokadia akaushika mkono huo na kuuingiza chini ya blanketi mpaka ukafika kwenye nyayo.

Mama mkwe alizishika zote mbili kwa kiganja kimoja.

"Ana joto," akauambia mgomba. "Asitolewe hapo."

"Mama, nimchukue mimi sasa," akasema Leokadia.

"Wewe umelowa. Hii baridi, imbeho, itawaua wote wawili. Kabadili nguo, ulale. Mkwe akae."

Basi nikakaa. Nilikaa kwenye kiti cha baba mkwe, sebuleni, kifua wazi, tangu saa saba mchana. Majirani walikuja kumwona mtoto. Kila aliyeingia aliamriwa na mama mkwe atazame ukutani, na kila aliyeingia alitazama ukutani na kunisalimu mimi kupitia kalenda. Baba mkwe alikuja, yeye peke yake ndiye aliyenitazama, akaketi chini kwenye mkeka bila kuomba kiti chake.

Kisha mama mkwe akaleta uji. Aliubeba akitembea kinyumenyume, bakuli nyuma ya mgongo, goti bovu likimyumbisha, akiuliza ukuta, "Nimefika?" Nikasema bado kidogo. Akarudi hatua moja. "Nimefika?" Nikasema kidogo tena. Akarudi hatua kubwa, na uji wote wa moto ukanimwagikia pajani. Nilifumba macho, nikang'ata meno, sikutikisika hata kidogo kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

"Umefika, mama," nikasema.

Kutoka chumba cha ndani nikamsikia Leokadia. Kumbe alikuwa akituona kupitia mlango tangu mwanzo. Alicheka mpaka akaanza kulia, akilalamika kwamba mshono unauma, akituomba tuache, akicheka tena. Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimemsikia akicheka. Mama mkwe, akiwa bado ameutazama ukuta, mabega yakaanza kumtikisika. Na chini ya kidevu changu mtoto alinyoosha mguu mmoja, akaukunja tena, akaendelea kulala.